Nukta Kumi Mahali Pamoja

Kazi yangu ni kumtazama mtoto na kusema atakuwa mtu mzima wa namna gani. Usicheke, kuna watu wananilipa kwa hilo. Shule moja ya mpira wa kikapu iliyoko ng'ambo hunituma huku na huko, nami nafika na tepu, saa ya kupimia mbio na daftari. Namkodolea macho mtoto wa watu siku tatu, kisha najaza fomu. Chini kabisa ya fomu kuna kisanduku cha kuandika namba, moja hadi kumi. Kuanzia saba, mtoto anapanda ndege: anasomeshwa, analishwa, anafundishwa mpira miaka minne. Sita kushuka chini, anabaki alipo, na mimi nabaki na lawama za ukoo mzima. Fomu ina kurasa nane, lakini wakubwa wangu husoma kisanduku tu.

Safari hii niliitiwa binti wa miaka kumi na sita. Wenzake walimwita Antena, na ukimwona huulizi kwa nini. Sentimita mia moja na tisini na moja bila viatu, na akinyoosha mikono, upana wake unazidi kimo chake kwa sentimita tisa. Nilimpima mara mbili nikidhani tepu yangu imechoka. Kocha wake alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mfupi mwenye filimbi shingoni, na nadhani hulala nayo. Ndiye aliyetuma ofisini kwetu video za binti akifunga kutoka kila pembe ya uwanja.

Basi nikakaa kwenye benchi la ukumbi wao. Zamani ulikuwa ghala. Madirisha yamezibwa kwa mabati, mlango ni mmoja, na hewa ni ile ile waliyoipumua watu wa jana. Mechi ya mazoezi ikaanza, na nasema kweli, dakika kumi za kwanza nilisahau hata kusugua goti langu bovu. Binti anaiona pasi kabla mwenye mpira hajaifikiria. Anamzuia mtu bila kumgusa. Anaruka, anatua, na sakafu haina habari. Halafu anapata mpira chini ya kikapu, yuko peke yake, hakuna hata kivuli cha mtu, anatupa na anakosa. Anapata tena, anakosa tena.

"Leo ana nini huyu?" mwalimu akalalamika. "Mzee wangu, naapa, wiki iliyopita alifunga pointi thelathini."

"Wiki iliyopita mimi sikuwepo," nikamjibu.

Nikaomba binti apige mitupo huru kumi, ile ya kusimama mstarini bila mtu wa kukusumbua. Nina mazoea yangu ya miaka mingi. Nachora duara kwenye daftari, ndiyo pete ya kikapu, na kila mpira unaokosa naweka nukta pale ulipogonga. Akatupa kumi, akakosa kumi. Mwalimu akajishika kichwa kama aliyefiwa. Mimi nikalifunga daftari kwa hasira na kwenda zangu nyumba ya wageni, kwa sababu hakuna kitu kinachoniudhi kama nauli iliyotupwa.

Chumba nilichopewa kilikuwa na kitanda cha watu wafupi. Nilijilaza alasiri ile miguu ikining'inia nje, dari karibu na pua, nikiwaza. Simu ikalia. Alikuwa mkurugenzi wa shule yetu, mtu asiyejua salamu.

"Miaka mitatu iliyopita ulituletea kijana akaacha kukua. Mwaka uliofuata ukatuletea mwenye goti bovu. Mwaka jana ulirudi kapa. Huyu vipi?"

"Bado naangalia."

"Angalia vizuri. Ukirudi kapa tena, usijisumbue kupita ofisini."

Akakata. Nina miaka hamsini na minne. Ujana wangu wote niliumalizia uwanjani, magoti yakaenda nao, na nje ya kutazama watoto sina ujuzi ambao mtu anaweza kuulipia. Unga wangu ulikuwa ukingoni mwa meza. Nikalichukua daftari nichane ukurasa wa Antena nipate pa kuandikia barua ya kuomba kazi kokote, hata ulinzi. Hapo ndipo nilipoziona nukta.

Mtu asiyejua kutupa hukosa kila mahali. Mpira mmoja utakwenda kushoto, mwingine kulia, mmoja mfupi, mwingine utapita bila kugusa hata ubao. Nukta zake hutapakaa kama mchele uliomwagika. Za Antena zilikuwa kumi mahali pamoja, mbele ya pete upande wa kulia, ungeweza kuzifunika zote kwa kifungo cha shati. Nimekula chumvi nyingi katika kazi hii, lakini mkono wa namna ile sijauona. Binti alikuwa analenga, na alikuwa anapata kila anacholenga.

Kwanza nilifurahi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakasirika, maana mtoto wa miaka kumi na sita alikuwa amenifanya mjinga mbele ya watu. Mwisho nikaanza kujiuliza, na swali lenyewe likaninyima raha: ni nani anayepewa mlango wa namna ile akaufunga kwa mikono yake mwenyewe?

Fomu yetu inataka mtoto atembelewe kwao. Wanataka kimo cha mama, idadi ya milo, mahali anapolala. Asubuhi yake Antena alikuja kunichukua.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeamkaje, mfungaji?"

Hakucheka. Alitangulia, mimi nikimfuata nyuma nikichechemea, tukapita kwa fundi wa redio, kwa muuza mkaa, tukafika kwenye chumba cha mwisho cha jengo refu la vyumba. Kizingiti chake kilikuwa cha watu wa kawaida. Binti alijikunja kama anaingia kwenye hema, akaingia. Nikadhani ndani atanyooka. Wapi! Dari la mbao lilikuwa chini, na humo ndani alitembea shingo upande, mabega yamekunjwa, mkono mmoja juu kukinga taa. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame, lakini huyu hakuwa anatafuta kitu, alikuwa nyumbani kwao.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba hicho kilikuwa ndilo duka lake pia. Mwalimu alikuwa amenieleza mapema: mama hasikii wala hasemi tangu utotoni, na shule hakupelekwa. Herufi hazijui, ila namba anazijua sawasawa, maana ndizo kazi yake. Mumewe alifariki binti akiwa bado anatambaa. Mama na mwana wametunga lugha yao ya mikono humo ndani, na duniani kote hakuna mtu wa tatu anayeijua.

Nilikaa kwenye kigoda, nikakohoa, nikaanza hotuba yangu. Nimeitoa mara nyingi na naijua kwa moyo. Nikasema nimetoka mbali kwa ajili ya binti yake, kwamba Mungu amempa kipaji, kwamba kuna shule itakayomtunza. Antena akachezesha vidole mara tatu tu. Mama akatabasamu uso mzima, akanyanyuka, akautoa utepe wake wa kupimia shingoni, akanizungushia kiunoni.

"Mama amefurahi," Antena akasema.

"Mbona ananipima?"

"Ndivyo anavyokaribisha wageni."

Na mimi mtu mzima nikaamini! Nikaona ni jambo la haki: nimepima watoto wa watu miaka ishirini, acha na mimi nipimwe. Nikaendelea na hotuba. Nilikuwa nazungumzia mustakabali wa binti, masomo, uwanja wenye sakafu inayong'aa, huku mama yake amepiga magoti anapima mguu wangu kwa ndani, anaandika namba kwa chaki juu ya meza. Alipomaliza alinyanyua kitambaa cha kahawia mbele yangu, akapandisha nyusi.

"Anauliza kama hiyo shule ni nzuri," binti akasema.

"Mwambie ni nzuri sana!" nikasema, nikikubali kwa kichwa kwa nguvu zangu zote.

Mama akakikunja kile kitambaa, akakiweka juu ya mashine, akaanza kuhesabu vifungo, ameridhika.

"Sasa anasemaje? Anakubali uende?"

"Anashukuru. Lakini hataki niende."

"Amesema hivyo saa ngapi?"

"Sasa hivi. Hukuona?"

"Nimemwona akihesabu vifungo."

"Ndiyo namna yake ya kusema," akasema Antena, na hakunitazama usoni.

Nilikuwa nafungua kinywa nimpashe, mlango ukajaa mteja. Mama mmoja mwenye sauti ya kuuzia samaki, gauni mkononi, alianza kugomba kabla hajavuka kizingiti. "Nilisema mikono mirefu! Hii ni mikono ya nani, ya mwanasesere?" Antena akageuka mtu mwingine. Mdomo unamjibu mteja kwa upole, vidole vinamweleza mama nyuma ya mgongo, mama anajibu kwa nyusi na kiganja, binti anarudisha jibu kwa mteja likiwa limeshapakwa asali. Mambo yote hayo kwa kasi ya kunitia kizunguzungu. Nikaelewa kwa nini anaziona pasi mapema. Tangu mdogo alikuwa anasoma mikono ya watu.

Niliona jambo jingine pia. Mteja hakumtazama mama hata mara moja. Aligombana na binti, akanyamazishwa na binti, na mwishowe akamvuta binti nje walitazame gauni kwenye mwanga.

Tulibaki wawili, mimi na mama. Nikaona saa ndiyo hiyo. Nikalitoa daftari, nikamwonyesha duara. Nikaigiza kutupa mpira, nikamnyooshea kidole binti aliyekuwa nje, nikaonyesha vidole kumi, kisha nikaweka kidole kwenye nukta.

Mama akalivuta daftari karibu na macho. Alizitazama nukta zile kama fundi anavyotazama mshono wa fundi mwenzake. Akazigusa moja moja na ncha ya sindano, akazihesabu, akafika kumi. Halafu akaniinulia uso kuniuliza: sasa? Sikuwa na maneno ya mikono, nikafanya nilichoweza. Nikatandaza mikono kama ndege, nikaruka humo ndani, mzee mzima mwenye magoti mabovu, nikaipiga taa kwa kiwiko ikabembea. Nikamnyooshea tena kidole binti. Ndege. Binti. Mbali kule.

Hakucheka. Alimtazama binti yake kupitia mlangoni, mgongo ule mrefu uliokunjwa kuongea na mteja, akamtazama muda mrefu. Kisha akakichukua kitambaa cha kahawia kutoka kwenye mashine, akakirudisha kwenye rafu. Hapo ndipo nilipong'amua kuwa tangu nilipoingia mle ndani nilikuwa mteja wa suruali.

Antena aliporudi, mama alikuwa anatunga uzi kwenye sindano, uso hauna kitu. Nami nikaaga kwa adabu zote.

"Nisindikize ukumbini," nikamwambia binti. "Tuna maneno."

Ilikuwa saa saba mchana, wenzake wamekwenda kula, ghala tupu. Jua lilikuwa linachoma mabati na ndani mlikuwa mnatokota. Nilifunga mlango ili tusisikike, na nikajuta papo hapo.

"Ulimwambia mama yako mimi ni nani?"

Akatazama viatu vyake. "Mteja. Nilisema unataka suruali."

"Mtoto una laana wewe!" nikasema, na huku natukana, kicheko kikanitoka. Naye midomo ikamcheza, lakini ikazimika mara moja. Nikamwekea daftari mbele ya macho. "Na hili?"

Alilitazama kidogo tu. Hakujitia hamnazo, na nilimheshimu kwa hilo.

"Nimekosea wapi?" akauliza. Alitaka kujua kweli.

"Ungezitapanya. Mtu mbovu hutapanya."

"Nilijaribu kutapanya, mzee. Mkono unarudi pale pale."

Watu wanafanya mazoezi miaka kumi mkono urudi pale pale, na huyu analalamika! Nikamuuliza kwa nini. Alijibu taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake siku nyingi akisubiri mtu wa kuyauliza.

"Miaka minne, mzee. Nani atamsemea? Wateja watamdhulumu. Akiumwa, atamwambia nani panapouma? Mwaka juzi alipelekwa kung'olewa jino, daktari akataka kung'oa zima, aache bovu. Mama anapiga miguu kwenye kiti, wao wanadhani anaogopa. Ni mimi niliyewazuia. Nisingekuwepo? Nikiwa darasani nusu ya akili yangu iko dukani. Nikiwa hapa uwanjani, hivyo hivyo. Nikilala naacha taa ikiwaka, kwa sababu akinihitaji hawezi kuniita, inabidi nimwone. Mimi sina pa kwenda, mzee. Andika nne. Nakuomba."

"Mwalimu wako amehangaika kukutafutia nafasi hii."

"Mwalimu ataona nilishindwa. Kushindwa hakumuumizi mtu sana. Nikikataa, kila mtu atamlaumu mama."

Alikuwa amepiga hesabu zote. Nilijiegemeza ukutani, bati likaniunguza mgongo. Ukweli ulikuwa wazi: namba ya binti ni tisa. Nikiandika ukweli, mkurugenzi anafurahi, unga wangu haumwagiki, na nazeeka nikiwa na kazi. Na hilo ndilo lililonitia mashaka. Ukweli unaokujazia tumbo si wa kuuamini haraka. Ningesema nimefanya haki, na moyoni ningejua nimejiokoa mwenyewe kwa shingo ya mtoto. Nikiandika nne, ningekuwa mtu mwema asiye na kazi. Sikuona njia ya tatu.

Lakini jicho langu lina uchu wake. Miaka ishirini limekuwa likitafuta kitu kimoja, na kitu chenyewe kilikuwa kimesimama mbele yangu kimejificha.

"Sikiliza," nikasema. "Nitaandika nne."

Akainua macho.

"Ila nipe kumi za kweli kwanza. Zangu mwenyewe, haziingii kwenye fomu. Usininyime hilo."

"Unaahidi?"

"Naahidi."

Hadi leo sijui kama nilimaanisha. Naona nilimaanisha wakati nasema.

Akauchukua mpira. Akaudundisha mara mbili, akasimama mstarini, na nikaiona shingo yake ikinyooka. Nilikuwa sijaiona imenyooka hata nilipompima. Akatupa. Mpira ukapita katikati ya pete bila kuigusa, wavu ukasema neno moja. Nikamrudishia. Wa pili, wa tatu, wa saba. Nilikuwa nimeacha kuhesabu kwa sauti. Wa kumi ulipoingia hakusimama. Akarudi nyuma hatua mbili, akatupa, ukaingia. Akaenda pembeni, akatupa akiwa anacheka, mtoto wa miaka kumi na sita anacheka kwa sauti ndani ya ghala linalochemka, na mimi nakimbilia mipira kwa magoti yangu mabovu kama kijana. Sitaona haya kusema nililia kidogo.

Kisha mpira ukamtoka mikononi ukaanza kubingirika, naye asiufuate. Alikuwa anatazama nyuma yangu.

Mlango ulikuwa wazi na mama yake amesimama pale, utepe shingoni, chaki vidoleni. Tulikuwa hatukumsikia akiufungua. Sijui alikuwepo tangu mtupo wa ngapi. Antena aliniambia baadaye kuwa mama hajawahi kulifunga duka mchana, wala kukanyaga ukumbi ule, kwa sababu kila mara binti alimwambia kuwa hakuna cha kutazama.

Mama akaanza, mikono yake ikienda taratibu. Binti akajibu haraka. Mama akauliza tena, binti akajibu, mama akalipiga paja lake kiganja kimoja, paa. Halafu yakawa mafuriko. Mikono inakatana hewani, viganja vinagongana, soli zinasuguana na sakafu, na sauti nyingine hakuna. Sijawahi kuona ugomvi mkubwa namna ile ambao usingemwamsha mtoto aliyelala. Nami nimesimama katikati yao kama nguzo, shahidi asiyejua kesi inahusu nini, ila najua mwenye makosa ni mimi.

Ghafla wote wakaacha. Mama akaninyooshea kidole mimi, kisha akamgusa binti yake mdomoni kwa kidole hicho hicho, chaki ikabaki juu ya midomo.

"Anasemaje?" nikauliza.

Antena akageuza uso. Mama akamgusa tena.

"Anasema uandike."

"Niandike nini?"

"Ulichokiona."

Nikaitoa fomu mfukoni kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi. "Mwambie unachohofia. Mwambie kuhusu wateja, na habari ya lile jino."

"Nimeshamwambia yote."

"Akajibuje?"

Dari la ghala lilikuwa juu, ungeweza kupandisha nyumba nyingine humo ndani, lakini shingo ya binti ilikuwa imeinama tena. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kwa mteja wa gauni, safi, isiyo yake.

"Anasema kabla sijazaliwa alikuwa ananunua vitambaa mwenyewe."

Mama akaendelea, na binti akaendelea nyuma yake, neno kwa neno, bila kupaka asali popote.

"Anasema hakuniomba nimsemee. Nilianza nikiwa na miaka minne. Akaona napenda, akaniachia." Akavuta pumzi. "Anasema zamani mtu akija dukani alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa anaonyesha, wanaonyeshana, wanaelewana. Sasa kila anayeingia ananitazama mimi. Anasema miaka kumi na miwili hakuna mtu aliyemtazama usoni." Akanitupia jicho. "Anasema leo wewe ulipoachwa naye peke yenu, uliruka kama ndege. Amefurahi."

Nilimtazama mama usoni, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeambiwa, na nikaona mwanamke aliyechoka, mwenye upendo, asiyerudi nyuma. Nilitaka kumtetea binti, na nilitaka kumshukuru mama kwa kuniokolea kazi, yote mawili kwa pamoja. Nilikuwa nimeahidi, na ahadi ni deni. Hata hivyo, kalamu ilikuwa mkononi mwangu, wala si mwa mama au mkurugenzi.

"Na wewe, mwanangu," nikamuuliza Antena. "Wewe unasemaje?"

Chaki ilikuwa bado kwenye midomo yake, hakuifuta.

"Mimi natafsiri tu, mzee."

Nikaiegemeza fomu ukutani, kwenye bati la moto, nikaandika kisandukuni. Niliandika tisa. Sikusema samahani, kwa sababu ningesema ningeonekana nahitaji kusamehewa, na nilihitaji. Mama akaikunjia macho fomu kutoka mbali, hakuiona vizuri, akapandisha nyusi kumuuliza binti.

Antena akainama juu ya bega langu, akaisoma. Akamgeukia mama yake, akainua mikono yote miwili, akakunja kidole kimoja.